Kiti Chako Kwenye Theluji

Baba Tumaini,

Theluji ilianguka tena juzi. Ungekuwepo ungeniamsha kabla hakujapambazuka vizuri, umevaa suruali mbili na lile koti la kupewa linalokufika magotini, useme, "Mama Tumaini, amka uone kazi ya Mungu." Nami ningekujibu kwamba kazi ya Mungu naiona vizuri tu nikiwa ndani ya blanketi. Safari hii niliamka mwenyewe. Nilivuta pazia la sebuleni, nikakuta mtaa wote umefunikwa na magari yamekuwa vichuguu. Nikarudi kukaa kitandani, nikisubiri mtu wa kubishana naye.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo lililotokea wiki hii, na kwa sababu Askofu alitaka jibu langu kabla ya Kwaresima. Jibu nimeshampa. Ila katika ndoa yetu yote sijawahi kuamua jambo kubwa bila kukuambia, hata pale nilipokuwa nimeshaamua.

Nianze na habari za nyumbani, maana najua ungeuliza hizo kwanza. Tumaini yuko Iringa, mzima, na bado amekasirika. Hataki kabisa kusikia kwamba tulikuzika huku Marekani. Mara ya mwisho alisema, "Mama, baba mmemwacha kwenye friji." Nilimwambia ni wewe mwenyewe uliyesema mchungaji azikwe pale alipoangukia akichunga, na kwamba ulisema hivyo mbele ya mashahidi, ukiwa na akili zako na mdomo umejaa chapati. Hakucheka. Sasa kila Jumapili akipiga simu wimbo ni mmoja: ulikwenda na baba, baba hayupo, wewe unafanya nini huko? Mimi hubadilisha mazungumzo, namuuliza kama viazi vimeungua na sakitu mwaka huu.

Askofu naye alipiga. Alizunguka sana kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe, kama kawaida yake. Mwisho akasema, "Tuliwatuma wawili, Mama. Kanuni yetu ni wawili." Akasema ninaweza kurudi sasa na dayosisi itaandaa wazee wengine wawili, mke na mume, waje mahali petu. Au nimalizie muda wetu uliobaki, ila ni lazima nipate mwenzangu wa kutembea naye kwenye nyumba za watu, kwa sababu hawawezi kumwacha mama wa umri wangu atembee peke yake kwenye barafu. Mama wa umri wangu! Mimi niliyempokea mtoto wake wa kwanza kwa mikono hii, yeye akiwa amezimia nje ya wodi. Lakini nilijua anasema kweli.

Kweli yenyewe ni kwamba tangu uondoke sijatembelea hata nyumba moja. Jumapili Njeri wetu, yule muuguzi wa Kikenya, hunipitia na gari, nakwenda ibadani, nakaa mbele, naimba. Tangu wiki iliyofuata mazishi, mchungaji mmoja hutoka Manassas kuja kutushika mkono, kijana mzuri, anahubiri kwa kuangalia saa. Ibada ikiisha Njeri hunirudisha, nafunga mlango, na mlango haufunguki tena hadi Jumapili nyingine. Nimeshajua sauti zote za hita. Kuna moja hutoa kila inapoanza kupoa, kama mtu anayesafisha koo, na mara mbili nimeitikia. Chai bado napima ya watu wawili. Nakunywa kikombe changu, halafu nakunywa chako kikiwa kimepoa, kwa sababu kumwaga chai siwezi.

Na viti vyetu bado viko pale mlangoni, vimekunjwa. Changu kina kile kipande cha khanga nilichokizungushia kwenye kikalio. Chako ni chuma kitupu, kwa kuwa mwanamume wa Njombe haogopi chuma. Kila nikipita navizunguka kwa mbali, na chumba chenyewe hakina hata nafasi ya kuzungukia kitu.

Unakumbuka tulivyojidai? Siku ya kuagwa kule nyumbani ulisimama ukawaambia Wakristo kwamba mkiogopa baridi mnatuogopea bure, sisi ni watu wa Njombe, baridi ni jirani yetu. Wakapiga makofi. Miezi michache baadaye ulitoka nje asubuhi ya theluji ya kwanza na viatu vyako vya ibada, ukakanyaga ngazi moja, ukakaa. Ulikaa pale kwenye theluji na kola yako shingoni, ukanitazama, ukasema, "Usimwambie mtu." Nikamwambia kila mtu.

Siku ya tatu theluji ilipogeuka tope jeusi la matairi, uliinama ukaitazama kwa uchungu wa kweli. Ukasema, "Miaka yote nimewahubiria watu wa Njombe kwamba dhambi zao zitakuwa nyeupe kama theluji, kumbe sikuwa naijua." Na ile chumvi wanayomwaga kwenye ngazi! Ulisema kule kwetu mtu akionekana alfajiri anamwaga chumvi mlangoni kwa jirani, kufikia jioni ataitwa kwenye baraza la kijiji.

Lakini ninalotaka kukukumbusha ni lile la viti, maana hapo ndipo yote yalipoanzia na ndipo yalipofikia wiki hii.

Ilikuwa ule ule msimu wetu wa kwanza, theluji nzito kuliko ile ya kwanza. Ulikuwa dirishani ukaniita kwa sauti ya chini. Nikaja. Tukaona wanaume mtaani wameshika mabeleshi, wamesimama wawili watatu, hakuna anayecheka. Na mbele ya nyumba ya pembeni, ile yenye mlango wa kijani, kulikuwa na viti nje. Viti vya jikoni, vizuri kabisa, vimepangwa barabarani. Wala hukuuliza. Ulisema tu, "Kuna msiba." Nami nikatazama, nikaona kweli kuna msiba. Viti nje, wanaume na mabeleshi, kimya. Ni nani mwingine duniani angeona hivyo vyote akafikiria magari?

Tulijitayarisha kama watu wenye adabu. Wewe ukavaa kola. Mimi nikajifunga khanga juu ya koti, nikachemsha chai ya tangawizi, nikajaza chupa. Tukavuka ule mtaa tumeshikana, miguu inateleza. Hukubonyeza kengele. Ulisimama mlangoni ukaita "Hodi" kwa sauti ya kuzikia, na mlango ukafunguliwa na mama wa Kimarekani mweusi, mrefu, mwenye mikono mikubwa. Ndiye Bi Odesa, ambaye siku hiyo hatukumjua hata jina. Ukamwambia kwa kile Kiingereza chako ulichofanyia mazoezi njiani kwamba tumesikitika kwa msiba wake. Akauliza ni nani amekufa. Na wewe, bila kusita, ukamjibu kwamba hilo ndilo tulilokuja kuuliza.

Nilitamani theluji inimeze. Alituangalia, akaangalia khanga yangu, kola yako, chupa ya chai, kisha vile viti ulivyokuwa unamwonyesha kwa kidole. Alipoelewa alicheka hadi akashika mlango asianguke. Akatueleza kwamba huku mtu akishachimba mahali pa kuegesha gari lake, huweka kiti pale ili mwingine asije akapachukua, na mtaa mzima unakiheshimu hicho kiti. Tukaanza kuaga. Akatuzuia. Alisema tumeshakuja na chai, basi tuingie.

Tukakaa kwenye kile chumba chake chenye picha nyingi. Nikamimina chai. Hatukuwa na la kusema, tukakaa tu, kama tunavyokaa. Na kwenye ule ukimya kicheko kikamwisha usoni. Akatuambia mumewe alifia katika nyumba hiyo, miaka kadhaa nyuma. Watu walimpa mikono kanisani, wakatuma kadi nzuri, lakini hakuna aliyekuja kukaa naye kwenye chumba hicho. Akasema, "Hamkukosea nyumba. Mmekosea siku tu." Akalia, nami nikalia, na wewe ukaanzisha wimbo kwa Kibena kwa sababu ndio ulikujia kwanza.

Tulipokuwa tunarudi ulisema mahubiri yako yote hayajawahi kukufungulia mlango kama lile kosa.

Hapo ndipo ulipopata akili ya viti vyetu. Watu wetu huku wanaishi vyumba vidogo, viti hawana vya kutosha, na kwenye sofa daima kuna mtu amelala akingoja zamu. Tulikuwa tukienda kuwatembelea tunakalishwa kwenye ukingo wa kitanda, mwenyeji amesimama kwa aibu, na mgeni na mwenyeji wote wanaomba ziara iishe. Basi ukumbi wa kanisa ulipokuwa unatupa viti vya zamani ukaokota viwili vya kukunja. Njeri alikuwa ameshakuonya mara nyingi, "Pastor, huku huwezi tu kushow up kwa nyumba ya mtu, lazima ucall kwanza." Ukakubali kupiga simu kwanza. Lakini ulikuwa unapiga ukiwa umeshafika mlangoni.

Na tulitembea, Baba Tumaini. Wewe na kiti chako kwapani, mimi na changu na chupa ya chai begani. Wauguzi wa Kikenya wanaolala mchana, vijana wa Dar es Salaam wanaosoma na kuosha vyombo, Wakongo wa kule Landover. Bwana Salum wa Tanga alipofiwa na mama yake tulikwenda pia, hatukuimba, tulikaa, na mwisho yeye ndiye aliyetuombea dua. Wewe unapiga hodi, mimi namimina chai. Hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yetu, na mtu akiniuliza umisionari ni nini sina jingine la kumwambia. Isipokuwa ile siku treni ya kwenda mjini ilipojaa, ukakunjua kiti chako katikati ya behewa ukakaa, ukaanza kusoma. Hiyo simhesabii Mungu. Nilisogea hadi mlangoni, nikatazama nje kama mtu tusiyejuana.

Halafu ukaanguka jikoni, majani ya miti yakiwa ndiyo kwanza yanageuka rangi. Ulikuwa unamenya viazi, vibaya kama kawaida, nusu ya kiazi inakwenda na ganda. Siku chache tu za hospitali. Watu walikuja na sare zao za kazi, wengine wakiwa wametoka zamu na wengine wakiwa wanaingia. Siku ya mwisho uliniuliza, "Viti vyetu viko wapi?" Nilidhani umeanza kuweweseka. Nikakuambia viko mlangoni. Ukasema, "Vizuri."

Mazishi yalikuwa mazuri, sitawasema watu vibaya. Ukumbi ulijaa. Papa Dieudonné wa Landover, ambaye hujawahi kumwona ana machozi, alishindwa kumaliza sala. Lakini ukumbi tulikuwa tumepewa kwa muda, na muda ulipoisha kulikuwa na watu wengine wanangoja mlangoni na maputo ya sherehe ya mtoto. Tukafungasha pilau kwenye sinia za karatasi ya fedha. Njeri akaja kulala kwangu siku mbili, kisha kazi ikamwita. Jioni ile alipoondoka nilikaa katikati ya chumba nikasikiliza. Kule kwetu kungekuwa na wanawake wamelala hadi kwenye veranda, wanaume wanaota moto nje, mtu anagombana na mtu kwa sababu ya sufuria. Ningechoka nao, ningewatukana moyoni. Huku palikuwa na ile hita inayosafisha koo.

Nilikuwa nimemwambia Njeri nataka kuweka viti nje. Hata kama hakuna wa kuvikalia, nyumba yako ionekane kuwa ina msiba. Akanishika mabega, akasema kwa upole, "Mum, huku ukiweka viti nje watu watadhani unavitupa, watavibeba." Ni kweli, nimeona mwenyewe sofa nzima ikiondoka hivyo. Basi havikutoka. Umekufa, umezikwa, na nyumba yako haikuwahi kutoa kiti nje. Hilo limenikaa kifuani kuliko yote, na sikuwa na wa kumwambia, kwa sababu kila ambaye ningemwambia angesema pole na kuangalia saa yake.

Utauliza Bi Odesa alikuwa wapi. Alikuja kwenye ibada ya mazishi, akanikumbatia, lakini wiki ileile akasafiri kwa binti yake huko kusini kupasuliwa goti. Alinipigia simu. Kiingereza cha kwenye simu mimi sikiwezi, unajua, bila mdomo wa mtu mbele yangu siambulii neno. Niliitikia "yes" nyingi nikakata. Aliporudi, baada ya Krismasi, nilimwona akipita na mkongojo wake, nikavuta pazia. Sijui kwa nini. Mpweke naye huanza kuulinda upweke wake.

Sasa nisikilize. Wiki hii ilianguka ile theluji ninayokuambia. Asubuhi nikasikia mabeleshi mtaani, na baadaye vikaanza kutoka viti. Kimoja, kingine, kiti cha plastiki, kiti cha mtoto, kigoda. Nikasimama dirishani kama ulivyokuwa unasimama wewe. Nikawaza: leo ndiyo siku pekee kwenye mtaa huu ambayo kiti kikiwa nje hakiguswi na mtu.

Nikavaa mabuti yako, na soksi mbili ndani ili yanitoshe. Nikachukua beleshi. Nilichimba mbele ya nyumba yetu hadi lami ikaonekana, mgongo ukinilaani, kisha nikaingia ndani, nikachukua kiti chako, nikakikunjua pale nje. Kikalia ule mlio wake. Sisi hatuna gari wala hatujawahi kuwa nalo. Nikarudi ndani nikakaa dirishani na chai yako iliyopoa.

Watu walipita. Kijana mmoja alisimamisha gari, akakitazama kiti, akaangalia huku na huku, akaondoka kwa hasira. Mama mwenye mbwa alinipungia mkono, nadhani alifikiri nimepata mgeni anayekuja na gari. Theluji nyepesi ikaanza tena, ikakaa kwenye kiti chako mahali unapokaa wewe. Nikajiona mjinga. Nilikuwa nimeanza kuvaa mabuti nikakiingize ndani.

Ndipo nikamwona. Bi Odesa alikuwa ametoka kwenye ule mlango wa kijani. Mkono mmoja mkongojo, mkono mwingine anaburuza kiti chake cha jikoni, kinachora mstari kwenye theluji. Na goti lile jipya! Alikuwa anapiga hatua anasimama, anapiga hatua anasimama. Nilitaka kukimbia kumzuia, lakini mguu mmoja ulikuwa bado haujaingia kwenye buti. Alifika, akakiweka kiti chake kando ya chako. Akageukia mlango wetu, akajaza kifua hewa, akaita, "Hodi."

Ulimfundisha vizuri. Aliivuta ile o kama wewe.

Nilifungua mlango. "Karibu" haikutoka. Akaita tena "Hodi," kana kwamba ana siku nzima, na alipoona siitiki akasema lile neno lingine ulilomfundisha, "Pole." Halafu akakaa. Nje, kwenye baridi ile, kwenye kiti chake cha jikoni, akaegemeza mikono yake mikubwa juu ya mkongojo. Hakukaa kwenye kiti chako. Nilichukua changu chenye khanga, nikatoka, nikakaa upande wa pili, wewe katikati yetu.

Na nikalia, Baba Tumaini. Kilio cha kwetu, cha sauti, kile ambacho kwenye ukumbi sikukilia kwa sababu ya watu wa maputo. Nilikuita jina lako lile ambalo mbele za watu sikuiti. Hakuna aliyepiga simu polisi. Wanaume wenye mabeleshi waliacha kuchimba. Yule bwana wa ng'ambo ya barabara, fundi wa mapaa, mtu wa El Salvador tuliyekuwa tukimpungia mkono tu, alivuka akaja kumnong'oneza Bi Odesa. Sijui alimjibu nini. Nilimwona anarudi kwake, ananyanyua kiti chake cha plastiki kutoka pale alipokuwa amechimba asubuhi nzima, anakileta kwetu, anavua kofia, anakaa. Hajamaliza kukaa, gari likaingia pale pake. Aliligeukia, akalitazama. Nikasubiri ainuke. Akaiweka kofia yake kwenye goti, akabaki amekaa.

Anaitwa Wilmer. Tumeishi mkabala naye muda wote huo ndio nimejua juzi.

Tulikaa hadi vidole vikafa ganzi. Kisha nikasema hiyo "Karibu" iliyokuwa imenikwama, wakaingia ndani, nikachemsha chai, na kwa mara ya kwanza tangu uondoke nilipima na ikapungua.

Jana nilimpigia Askofu. Nilimwambia ninabaki nimalizie muda wetu, na kwamba mwenzangu nimempata. Akauliza ni nani. Nikasema ni dereva mstaafu wa basi la shule, hajui Kiswahili zaidi ya maneno matatu, si wa dhehebu letu, na ana goti moja bovu. Kisha akauliza, "Hayo maneno matatu ni yapi?" Nikamtajia: hodi, pole, karibu. Akasema basi yanatosha. Tumaini nilimpigia baadaye. Alilia, halafu akanigombeza, halafu akaniuliza kama nina soksi za kutosha. Nimemwahidi kwamba muda ukiisha nitarudi, na nitarudi kweli.

Sitakudanganya kwamba upweke umekwisha. Leo asubuhi nimeitikia hita tena. Kidole kimoja hakivunji chawa, ulikuwa ukiniambia kila nilipokataa kwenda mahali, na mimi nilikuwa nakujibu kwamba sina chawa. Sasa nimekuelewa, na hupo uufurahie ushindi wako.

Nakuaga, Baba Tumaini. Lala huko ulikochagua, usisikilize habari za friji. Theluji ikiyeyuka nitakuja kukusalimia, kwa sasa kaburi lako sitaliona, mawe yote ya pale yamelazwa chini na yamefunikwa. Nakuahidi kwamba nyumba tulizozianza sitaziacha, na kwamba siku nikiondoka huku nitakuja kwanza kukaa nawe, kwenye kiti changu, hadi tuchoke.

Kesho tunakwenda Landover. Papa Dieudonné ameumia mgongo huko ghalani, yuko kitandani, na ameshaniambia kwenye simu, "Mama Pasta, kuya tu, lakini viti hatuna." Njeri atatupeleka kabla ya zamu yake. Hodi nitapiga mimi. Chupa ya chai nitabeba mimi. Kiti chako atabeba Bi Odesa. Nimeshakifuta theluji, na nimekizungushia khanga, maana yeye si wa Njombe.

Mkeo,
Mama Tumaini